X5, Range Rover Sport, RX au Prado: pima breki na gia kabla hujatoa pesa

Nianze na hukumu, maelezo yafuate. Una magari mawili ya kifahari ya mtumba mbele yako. Moja ukibana breki usukani unatetemeka, lakini gia zinapanda bila kusikika. Jingine breki zinashika vizuri, ila kila likibadili gia linakusukuma kichogoni. Chukua la kwanza, tena tumia ule mtetemo kuvuta bei chini. Breki zinazotetemeka, za gari lolote nitakalolitaja hapa, zinarudi kwenye hali yake kwa disiki, pedi na oili mpya mikononi mwa fundi makini wa Ngamiani, hapa Tanga. Giaboksi ya otomatiki ikishaanza kugonga, inaweza kupona kwa kubadilishwa oili tu, na inaweza kukutaka giaboksi nzima kutoka eneo la Gerezani, Dar es Salaam. Siku unaponunua hakuna wa kukuapia itakuwa lipi.

Ninaweka magari manne sambamba, maana ndiyo ambayo mnunuzi wa Tanga mwenye pesa ya kiasi hicho hujikuta anayazunguka: BMW X5 ya umbo la E70, iliyotoka 2006 hadi 2013; Range Rover Sport ya kwanza, 2005 hadi 2013; Lexus RX ya kizazi cha tatu, 2009 hadi 2015; na Land Cruiser Prado 150 iliyoanza 2009. Wapo watakaosema Prado si gari la kifahari. Wakaulize bei yake kwanza. Na ukiona Toyota Harrier ya kizazi cha pili katikati ya haya, usiipite kwa dharau: Lexus ilifunguliwa rasmi Japani mwaka 2005, na kabla ya hapo RX ziliuzwa kule kwa jina la Harrier.

Breki: mguu unakuambia nini

X5 ndiyo yenye pedeli tamu kuliko zote nne. Inashika mapema, haina mwendo mrefu, na unajua kabisa umebakiza nguvu kiasi gani chini ya mguu. Mtu anayetoka kwenye Prado akiikanyaga mara ya kwanza huwarusha abiria mbele, halafu anasema breki ni kali mno. Si kali, mguu wake umezoea pedeli ndefu.

Prado ni kinyume chake. Pedeli inashuka kidogo kabla ya kushika, pua ya gari inainama, na aliyezoea magari ya Ulaya atadhani kuna hewa kwenye mfumo. Hapo ndipo wanunuzi wengi wanapotishika bure. Cha kuangalia kwenye Prado ni kama pedeli inashika pahali palepale kila mara. Ikishika juu mara moja, chini mara ya pili, juu tena ukipampu, hapo kweli kuna hewa au mipira ya breki imechoka. Ukiikanyaga gari likiwa limesimama na ikaendelea kuzama taratibu kuelekea sakafuni, masta silinda, yaani pampu kuu ya oili ya breki, inavujisha ndani kwa ndani, hata kama nje hakuna tone.

Range Rover Sport ina uzito wa takriban tani 2.5, na uzito huo ndio unaotawala habari yake yote ya breki. Ikiwa nzima inasimama vizuri sana, lakini inakula pedi na disiki kuliko wenzake, na pedi za bei rahisi kwenye gari hili ni hasara ya mara mbili. Breki yake ya kuegesha ni ya umeme: mota inavuta nyaya zinazobana viatu vilivyo ndani ya disiki za nyuma. Viatu hivyo vikijaa vumbi au visiporekebishwa, ukibonyeza swichi unasikia ukelele kama wa chuma kinachosagwa, na baadaye taa ya kahawia inakuja. Jaribu swichi hiyo mara kadhaa kabla hujazungumza bei. Kuna na swichi nyingine, ndogo ya bei ndogo, ile ya taa za breki iliyo juu ya pedeli. Ikiharibika, gari linaweza kukataa kutoka kwenye P au kumwaga ujumbe wa hitilafu kwenye dashibodi, na mnunuzi anaondoka akiamini giaboksi imekufa. Ukikuta hali hiyo, mwambie mtu asimame nyuma aone kama taa za breki zinawaka.

RX 350 breki zake hazina la kusimulia, na hiyo ni sifa. RX 450h ndiyo yenye mambo. Ni haibridi, kwa hiyo unapokanyaga, kwanza mota za umeme ndizo zinazopunguza mwendo huku zikirudisha chaji kwenye betri, na breki za kawaida zinaingia baadaye. Yale makabidhiano yanasikika, hasa chini ya mwendo wa kilomita 15 kwa saa: mguu uko palepale lakini gari linashika kwa namna nyingine. Huo si ugonjwa. Ugonjwa ni pampu ya breki inayonguruma kila baada ya sekunde chache gari likiwa limesimama na hujakanyaga kitu, maana hapo shinikizo haliwekeki. Kifaa hicho ni ghali na hakichezewi na fundi wa kubahatisha.

Usukani ukitetemeka unapobana breki ukiwa kwenye 80, kila mtu husema disiki imepinda. Mara nyingi haijapinda, ila unene wake haulingani mzunguko mzima, na tofauti nyembamba kuliko unywele inatosha kuusikia mkononi. Inatokana na kutu iliyokula disiki gari likiwa limesimama muda mrefu, au na masalia ya pedi yaliyoganda sehemu moja dereva aliposimama akiwa bado amekanyaga breki za moto. Magari haya husimama sana: yadi ya Japani, melini, bandarini, yadi ya hapa, na upepo wa chumvi wa Tanga haulali. Ukilikuta gari lililoegeshwa Raskazone usiku kucha likikwaruza breki mbili tatu za kwanza asubuhi, usiwe na wasiwasi. Likiendelea kukwaruza hadi Chumbageni, tazama pedi: ya ndani ikiwa imeisha kuliko ya nje, pini za kalipa, kile kishikio kinachobana pedi, zimeganda. Mtetemo ukiwa mikononi ni disiki za mbele. Ukiwa kwenye makalio ni za nyuma. Na usisahau bunduki ya upepo ya wabadilisha matairi. Bolti za X5 zinatakiwa kukazwa Nm 140 (newton-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), nati za RX Nm 103. Zikikazwa kwa kubahatisha, moja sana nyingine kidogo, hata disiki mpya itaanza kutetemeka.

Jaribio la busta, kile kifaa kinachousaidia mguu kukanyaga breki, ni rahisi. Injini ikiwa imezimwa, pampu pedeli mpaka iwe ngumu, uache mguu ukiwa juu yake, kisha washa. Pedeli ikishuka kidogo, busta inafanya kazi. Jaribio hili ni la busta ya upepo. Baadhi ya Prado zina busta ya haidroliki yenye pampu ya umeme, na hizo utazitambua kwa mvumo mfupi unapowasha swichi. RX 450h nayo haipimwi hivi.

Lushoto ndiyo inayosema ukweli

Ukitaka kujua breki za gari zito, nenda Lushoto ushuke hadi Mombo. Ni takriban kilomita 33 za kona na ukuta wa mlima upande mmoja, na unashuka karibu mita 1,000. Joto la mteremko huo linakwenda kwenye disiki, na Range Rover Sport ya tani 2.5 inapaswa kulimeza robo zaidi ya RX ya tani 2 katika njia ileile. Oili ya breki inavuta unyevu hewani, na pwani unyevu si haba. Oili ya daraja la DOT 4 ikiwa mpya inachemka kuanzia nyuzi 230, lakini ikishanywa maji kiwango chake cha chini ni nyuzi 155. DOT 3 inaanzia 205 na kushuka hadi 140. Oili ikichemka inatoa mvuke, mvuke unabanwa, na pedeli inakwenda chini bila jibu. Ndiyo maana inashauriwa kubadilishwa kila baada ya miaka 2 hivi. Muuzaji asiyekumbuka aliibadilisha lini, basi hajaibadilisha.

Hapa ndipo breki na gia zinapokutana. X5, Range Rover Sport na RX 350 zinakuruhusu kushusha gia kwa mkono, na katika mteremko huo unatakiwa kuzishusha. Giaboksi inayokataa kushuka, au inayoshuka kwa mshindo mkubwa, imejieleza. RX 450h inashuka vizuri mwanzoni kwa sababu mota zinakusanya chaji, lakini betri ikijaa haina pa kuweka zaidi, na utasikia injini inapanda sauti na breki za kawaida zinachukua kazi. Anayeishi Lushoto na kushuka kila wiki ajue hilo kabla hajanunua.

Gia: hapa ndipo pesa zinapopotea

X5 za 2006 hadi 2010 na Range Rover Sport nyingi za umbo hilo zina giaboksi za familia moja: gia 6 za kampuni ya ZF ya Ujerumani. Ni giaboksi nzuri yenye tabia zinazojulikana. Kompyuta yake na vali zake viko ndani ya giaboksi yenyewe, vimeloa oili, na nyaya zinaingia kupitia soketi ya plastiki yenye sili za mpira. Sili hizo zikikauka oili inavuja taratibu, kiasi ambacho sakafuni utaona doa tu, na kiasi kilichopungua ndicho kinachofanya gia zianze kugonga. Chungulia ubavuni mwa giaboksi. Unyevu kwenye soketi ni habari njema, amini usiamini, maana ni sili ya bei ndogo na huenda ndiyo sababu yote. Giaboksi kavu, yenye oili ya kutosha, inayogonga, ndiyo ya kuogopa.

Halafu kuna hadithi ya oili ya maisha. Watengenezaji wa magari haya waliandika kwamba oili ya giaboksi haibadilishwi maisha yote ya gari. ZF wenyewe, waliotengeneza giaboksi, wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Mimi namwamini aliyetengeneza. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji wa X5 au Range Rover si gari limetembea ngapi, ni risiti ya oili ya giaboksi iko wapi. Oili hiyo si ATF (oili ya giaboksi za otomatiki) yoyote iliyoko dukani: gia 6 za ZF zina yake, gia 8 zina yake, na Toyota WS ya RX ni nyingine kabisa. Fundi akikwambia zote ni haidroliki, mshukuru na uondoke.

Kupima kiwango chake nako ni kazi ya joto. Giaboksi hizi za ZF hazina kijiti. Unafungua bolti ya pembeni injini ikiunguruma, oili ikiwa kati ya nyuzi 30 na 50. Tanga mchana, gari lililosimama juani limeshafika hapo kabla halijawashwa, na likitembea hadi gereji linapita kiwango hicho. Oili ya moto inatanuka, inamwagika kupita kiasi unapofungua bolti, fundi anafunga akidhani imejaa, na ikipoa imepungua. Magari yanayogonga baada ya huduma mara nyingi yamegongeshwa hivyo. Kazi hii ifanywe asubuhi, na mashine ya kusoma joto iwe imechomekwa.

X5 baada ya mabadiliko ya 2010 ilipata gia 8 za ZF, na tofauti inasikika kwa mtu yeyote: zinapanda haraka, na kwenye mwendo mdogo zimetulia zaidi. Kati ya X5 ya 2009 safi na ya 2011 ya kawaida, naichukua ya 2011. Range Rover Sport nayo ilipata gia 8 mwishoni, kwenye dizeli ya lita 3.0 kuanzia modeli ya 2012, huku petroli ya V8 ikibaki na 6 hadi umbo lile lilipokoma.

RX 350 kwa kawaida ina gia 6 za Toyota. Haina haraka: ukikanyaga ghafla inafikiri kwanza, kisha inashuka gia mbili kwa mpigo. Huo ni ulegevu wa asili, usiulipie fundi. Ikigonga unapoiweka R au D, kabla hujalaumu giaboksi tazama mauntini za injini, ile mipira inayoishikilia. Shika breki, badili D na R, na mwenzako aangalie injini boneti ikiwa wazi. Injini ikiruka, mauntini zimekatika. RX 450h haina gia za kupanda na kushuka kabisa. Mota mbili na seti ya meno yanayozungukana kama sayari vinagawana kazi na injini, kwa hiyo hakuna cha kugonga. Anayechukia mshtuko wa gia kuliko kitu kingine chochote jibu lake ni hilo, mradi akubali hatari ya betri na ya ile pampu ya breki.

Prado inakuja na mshindo wake wa kipekee. Unasimama, unaondoka, na baada ya nusu sekunde kitu kinagonga chini, kama mtu amepiga sakafu kwa kisigino. Wengi wameikimbia Prado nzuri kwa sababu hii. Mara nyingi si giaboksi, ni propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye magurudumu: sehemu yake inayoteleza imekauka grisi, au krosi, viungo vyake, zimeanza kulegea. Fundi wa chini ya mwembe mwenye pampu ya grisi anamaliza kazi. Giaboksi zenyewe ni za zamani na imara: gia 4 kwenye TX ya mwanzo ya injini ya 2.7, gia 5 kwenye V6 ya lita 4.0, gia 6 zilikuja 2015 na dizeli ya 2.8. Ile ya gia 4 inapiga kelele mlimani na inakunywa mafuta, lakini ukitaka kuiua lazima ukusudie.

Namna ya kuipima barabarani

Mwambie dalali gari lisiwashwe kabla hujafika. Hilo hawalipendi, na ukikuta boneti ina joto, rudi kesho. Baridi ya kwanza ndiyo inayoonyesha gia inayochelewa kuingia: weka R, hesabu, ikipita sekunde mbili, kuna neno. Kisha zunguka barabara za namba za Ngamiani kwa mwendo wa baiskeli, ambapo gia ya pili kwenda ya kwanza inapatikana mara nyingi. ZF ya gia 6 iliyochoka inagonga hapo hapo, gari linapokaribia kusimama, kana kwamba umeguswa nyuma.

Toka kwa njia ya Pongwe kuelekea Muheza. Kwenye mwendo wa 60 hadi 80, mguu mwepesi kwenye mafuta, sikiliza kama gari linatetemeka kidogo kama linapita juu ya matuta madogo ya rasta ilhali lami ni laini. Huo ni mtetemo wa konveta, ile duara inayounganisha injini na giaboksi. Oili mpya huuondoa wakati mwingine. Usinunue kwa matumaini hayo. Mshale wa mizunguko ukiruka juu kati ya gia mbili bila gari kuongeza mwendo, giaboksi inateleza, na hapo hakuna mazungumzo zaidi.

Matuta makubwa ya vijijini yanakupimia vyote viwili kwa pamoja: unabana kutoka 80, unapanda tuta kwa 10, unakanyaga tena. Fanya hivyo giaboksi ikiwa imepata moto wa safari, kwa sababu shinikizo linalopotea kwenye sili huonekana oili ikiwa nyepesi. Gari linalopanda gia vizuri asubuhi na kugonga wakati wa kurudi ndilo lililowanasa wengi, kwani muuzaji alilipeleka tu hadi kituo cha mafuta na kurudi.

Sasa uchukue lipi? Kama maisha yako ni Tanga mjini, Dar mara moja moja na lami tupu, RX 350 ndiyo chaguo langu la kwanza, na kwa mbali. Kama una shamba Amani au Pangani, au unapita njia za udongo masika, Prado, na uizoee pedeli yake. X5 ya 2010 kuendelea ni ya mtu anayependa kuendesha, mwenye risiti ya oili mkononi na fundi mwenye mashine anayemjua kwa jina. Gia 6 ya kabla ya hapo nunua tu ikiwa bei imeshuka kiasi cha kulipia matengenezo ya giaboksi tangu siku ya kwanza. Range Rover Sport sitamkataza mtu anayeipenda, maana kupenda hakuna dawa, ila awe na gari la pili. Tanga ni waja leo waondoka leo, lakini Range Rover iliyoingia gereji ikisubiri spea kutoka Dar, au Mombasa kupitia Horohoro, haiondoki leo wala kesho.

Ukishachagua, weka kwenye makubaliano kwamba giaboksi itasomwa na mashine kabla ya malipo na tena baada ya safari ya Muheza. Hitilafu zilizofutwa asubuhi mara nyingi hurudi zenyewe ndani ya safari hiyo, na gharama ya kusoma mara mbili mgawane na muuzaji. Akikataa hata nusu yake, umeshapata jibu bila kulipia mashine.